Barua zenu: Viongozi wa chama cha majanga wachaguliwe wakati wa kiangazi

Mwezi huu wengi walioandika ni watu wa kazi za dharura, kutoka Busia mpaka Nakuru, na karibu wote wanauliza kuhusu uongozi wa vyama vyao. Nimechukua barua nne. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kwa sababu inagusa watu wengi kuliko walioiandika.

Salamu, Mama. Mimi ni afisa wa majanga katika kaunti. Tumeungana na wenzetu wa zimamoto, wa ambulensi na wajitoleaji wa kaunti jirani, tukaanzisha chama cha wanataaluma wa usimamizi wa majanga katika kanda yetu. Tunaelekea kuchagua viongozi na tumegawanyika. Upande mmoja unataka mwenyekiti awe mkubwa wa kaunti, mwenye gari na ofisi, ili atufungulie milango. Upande wa pili unataka mtu wa kazi tunayemjua. Halafu kuna swali linalotugombanisha zaidi: mafuriko yakitokea, mwenyekiti wetu atakuwa na mamlaka gani pale uwanjani? – Afisa, Busia

Mwanangu, nianze na swali lako la mwisho, maana hilo likishajibiwa, la kwanza halitawasumbua sana. Pale uwanjani mwenyekiti wa chama chenu hana mamlaka yoyote, na msijaribu kumpa. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeweka zimamoto na usimamizi wa majanga mikononi mwa kaunti, na usimamizi wa majanga ukatajwa tena upande wa serikali ya kitaifa. Kwa hiyo siku ya tukio tayari kuna watu wa kaunti, kuna kamishna na machifu wake, kuna polisi, kuna Msalaba Mwekundu. Nimewahi kusimama usiku kwenye ukingo wa mto Nyando, wakubwa watatu wakimpa mwendesha boti mmoja amri tatu. Yule kijana alizima injini, akakaa kimya akingoja waelewane, na ng'ambo ya maji watu wanapiga mayowe juu ya paa. Msituletee mkubwa wa nne.

Kazi ya chama iko kabla ya usiku huo. Uangalie Nzoia, mto wenu wenyewe. Unaanzia milima ya Cherangani na Mlima Elgon, unapita Trans Nzoia, Bungoma, Kakamega na Siaya, ndipo unaingia Bunyala na kumwaga maji ziwani. Mvua ikinyesha kule juu leo, mtu wa Budalang'i huku chini yuko juani anaanika omena wake. Hana habari. Pale daraja la Rwambwa kuna kipimo cha maji, ubao wenye namba uliosimikwa mtoni, na anayeusoma anaona maji yakipanda. Lakini maji yakishafika Rwambwa yamekaribia mno. Aliyeyaona mapema ni mwenzenu wa Kitale au wa Webuye.

Je, huyo wa Kitale anamjua wa Busia kwa jina? Akifuata njia ya ofisi, atamwandikia mkuu wake, mkuu ampelekee waziri wa kaunti, waziri awasiliane na mwenzake wa kaunti nyingine, kisha karatasi ianze kushuka ngazi upande wa pili. Barua ikifika, maji yameshafika. Lakini kama wawili hao waliketi meza moja kwenye mafunzo ya chama, wakajuana, atachukua simu yake saa nane usiku na kusema: "Huku imenyesha tangu jana mchana, mto umebadilika rangi, anza kuwahamisha watu walio karibu na tuta." Simu hiyo haihitaji sahihi ya mtu. Viongozi mtakaowachagua kazi yao ni kuhakikisha simu hiyo inawezekana, kila mwaka, hata watu wakibadilishwa.

Sasa turudi kwa yule mkubwa mwenye gari. Mfanyeni mlezi wa chama. Mlezi anafungua milango vilevile, anaalikwa kwenye mkutano mkuu, anapewa heshima yake, na chama hakiendi naye akiondoka. Uchaguzi mkuu ni 2027. Wakubwa wengi wa kaunti wako pale kwa hiari ya gavana, na gavana akibadilika nao hubadilika. Mkiwa mmemfanya mwenyekiti, mtajikuta mnatafuta mwenyekiti mwingine katika miezi ileile mnayopaswa kujiandaa kwa mvua ya vuli.

Kiti cha kupigania kura ni cha katibu. Nitakueleza kwa nini. Usiku mmoja wa mafuriko huku Kano, jaketi za kuokolea zilikuwepo, mpya, zimefungiwa stoo hatua chache kutoka pale tulipokuwa. Mwenye ufunguo alikuwa amekwenda matangani kaunti nyingine, simu haishiki. Kwenye orodha iliyobandikwa mlangoni kulikuwa na majina matano. Wawili walikuwa wamehamishwa, mmoja amestaafu, wa nne ndiye huyo wa matangani, na wa tano namba yake ilipokelewa na mama mmoja wa Eldoret asiyejua tunazungumzia nini. Tulivunja kufuli kwa jembe. Sina neno na yule aliyekwenda kuzika. Aliyepaswa kulala macho wazi ni mwenye orodha.

Basi katibu wenu awe mtu anayepiga kila namba kabla ya kila msimu wa mvua na kusikia sauti ya mwenyewe. Orodha yake iwe na jina, kaunti, cheo, simu mbili, na kile mtu anachoweza kukileta: boti yenye injini, ambulensi, mahema, jenereta, au ufunguo wa stoo. Ufunguo uandikwe pamoja na nakala yake iko kwa nani. Akiwa mtu asiyependa karatasi, hata awe shujaa wa kuogelea, mpeni kazi nyingine.

Jambo jingine ninalowaomba mlifikirie: viongozi wasitoke upande mmoja wa mto. Mwenyekiti akitoka bondeni, katibu atoke mlimani. Kwa upande wa Nyando vilevile, maji yanayoizamisha Ahero yamenyesha Nandi na Kericho, kwa hiyo chama cha watu wa Kisumu watupu kitakuwa kinasubiri habari kutoka kwa watu ambao hakikuwaalika.

Na msifanye uchaguzi Aprili. Nasema hivi kwa uchungu. Bwawa la Solai lilipasuka tarehe 9 Mei 2018, likaua watu wasiopungua 47. Maafa ya mafuriko ya Mai Mahiu yalikuwa alfajiri ya tarehe 29 Aprili 2024. Maporomoko ya Pokot Magharibi yalikuja Novemba 2019, katikati ya mvua za mwisho wa mwaka. Chagueni Januari au Februari, ili mvua ya masika ikianza, kiongozi mpya awe ameshapokea vitabu na kuzungumza na kila mtu kwenye orodha. Aliyetoka naye asitoweke. Mwombeni akae karibu na aliyeingia msimu mmoja mzima.

Mama, mimi ni muuguzi wa kitengo cha dharura hapa Nakuru. Nilipendekezwa kuwa makamu mwenyekiti wa chama chetu, lakini wanachama wengine wanasema chama ni cha zimamoto na maafisa wa majanga, wauguzi wana chama chao. Mmoja alisema mwanamke hawezi kutoka usiku kwenda kwenye tukio. Nijitoe? – Muuguzi, Nakuru

Usijitoe, binti yangu.

Watu wa Nakuru hawawezi kusahau Sachang'wan. Tarehe 31 Januari 2009, lori la mafuta lilianguka, watu wakakusanyika kuchota, moto ukalipuka, na zaidi ya mia moja wakafa. Walioungua walipelekwa hospitalini Nakuru na kwingineko, wengi kwa mpigo, na walipokelewa na wauguzi. Tarehe 30 Juni 2023, pale njiapanda ya Londiani, watu 52 walikufa lori lilipowavamia wachuuzi na abiria kando ya barabara, na majeruhi wakasambazwa hospitali mbalimbali. Moto huzimwa kwa saa chache, lakini wodi hubaki imejaa wiki nzima. Nani anajua ni vitanda vingapi viko wazi, damu ya kundi gani imepungua, hospitali ipi isipelekewe mgonjwa mwingine? Chama kisicho na mtu huyo mezani kitawapakia majeruhi kumi kwenye magari kumi na kuyaelekeza yote lango moja.

Kwa hiyo usiombe nafasi kwa unyenyekevu kana kwamba unafadhiliwa. Waambie utashughulikia uhusiano wa chama na hospitali za kanda, na utaje mambo mawili utakayofanya mwaka wa kwanza. Mimi ningependekeza zoezi la pamoja la kupokea majeruhi wengi, zimamoto na wauguzi wakiwa uwanja mmoja, na makubaliano ya nani anapiga simu hospitali kabla ambulensi haijaondoka.

Na huyo wa kutoka usiku, mwulize zamu yako ya usiku huwa anaifanya nani.

Mimi ni mwanafunzi wa usimamizi wa majanga, Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, Kakamega. Nimesikia kuna chama cha kimataifa kinachotoa cheti cha taaluma, na kina viongozi wa kanda. Je, kinaweza kutufundisha kitu? – Mwanafunzi, Kakamega

Unakusudia International Association of Emergency Managers. Kilianza Marekani mwaka 1952 kama chama cha watu wa ulinzi wa raia, enzi za hofu ya vita vya nyuklia, na kikapanuka baadaye hadi majanga ya kila aina. Kwa Marekani wanachama wamegawanywa katika kanda kumi, zilezile zinazotumiwa na FEMA, shirika la serikali yao linaloshughulikia majanga, na kila kanda ina rais wake. Napenda mpango huo kwa sababu mwenye chama na mwenye serikali wanatazama ramani moja. Kwetu mngeweza kufuata kaunti 14 za Jumuiya ya Kiuchumi ya Kanda ya Ziwa, ambazo magavana wao tayari huketi pamoja.

Cheti unachokisikia, CEM (Certified Emergency Manager), kimetolewa tangu miaka ya 1990. Kinadai uzoefu wa kazi, mtihani, saa 100 za mafunzo ya usimamizi wa majanga na saa nyingine 100 za usimamizi wa jumla, na baada ya miaka mitano unakihuisha. Zitazame hizo saa 100 za pili. Ni bajeti, ni kuongoza watu, ni kuandika ripoti. Wanafunzi wengi ninaokutana nao wanatamani boti na helikopta. Uongozi katika chama cha taaluma nao huhesabiwa unapoomba cheti hicho, kwa hiyo jitolee kuwa mwandishi wa kumbukumbu za chama chenu cha wanafunzi kuanzia muhula huu. Hakuna anayegombea kazi hiyo, na utajifunza mengi.

Mama, mwenyekiti wetu amekaa kitini bila mkutano mkuu tangu tulipomchagua. Kikundi cha WhatsApp anakisimamia peke yake, na laini ya simu ya dharura ya chama imeandikishwa kwa jina lake. Tukimuuliza anatutoa kwenye kikundi. Tufanyeje? – Tuliochoka, Kisumu

Kwanza tafuteni cheti cha usajili muone mmesajiliwa chini ya sheria gani. Kama ni Sheria ya Vyama, Sura ya 108, inawataka mfanye mkutano mkuu kila mwaka na kupeleka ripoti ya mwaka kwa Msajili wa Vyama. Kwa hiyo hamumwombi hisani. Someni katiba yenu muone ni wanachama wangapi wanaweza kuitisha mkutano maalumu, wakusanyeni, watie sahihi barua moja, na nakala iende kwa Msajili. Iandikeni kwa adabu, bila matusi, maana huenda ikasomwa na watu wengine baadaye.

Lakini laini ya dharura isingoje mkutano. Mtu akizama leo atapiga namba hiyo. Nunueni laini nyingine, isajiliwe kwa jina la chama, simu yenyewe ikae mahali penye mtu usiku na mchana kama kituo cha zimamoto, kisha namba mpya itangazwe redioni na kwenye mabaraza ya machifu. Mwenyekiti naye mpelekeeni hiyo namba, kwa maandishi, kabla hamjaitangaza.