Usiongeze mechi ya pili kwenye mkeka huo

Mkuu, usilipe. Umeuliza ligi ipi ina faida, takwimu zipi zifuatiliwe, na kama inafaa kutoa shilingi elfu hamsini ili uingizwe kwenye kundi la VIP la mikeka ya timu kumi, yaani dau moja la mechi kumi ambalo mechi moja tu ikikosea limekufa lote. Hilo la tatu ndilo lililonifanya niandike, kwani tarehe 22 Novemba 2022 mjinga wa aina hiyo nilikuwa mimi.

Nilikuwa na laki nane za kununulia spea za pikipiki dukani kwangu. "Mtaalamu" wetu wa Telegram alileta mkeka wa Kombe la Dunia wenye mechi kumi, akaapa kwamba Argentina kuifunga Saudi Arabia ni pesa iliyokwisha kuingia mfukoni. Niliziweka zote. Mpira ulianza saa saba mchana, dakika ya kumi Messi akafunga penalti, nami nikaanza kuchagua rangi ya bati. Kipindi cha pili Al-Shehri akasawazisha na dakika tano baadaye Al-Dawsari akafunga la pili. Siku hiyohiyo Denmark, niliyoipa ushindi, ikatoka sare tasa na Tunisia, na Mexico nayo ikafanya vivyo hivyo na Poland, kwa hiyo mkeka wangu mmoja ulichanika mara tatu, kazi ambayo hata panya wa stoo yangu hawaiwezi.

Yule bwana alisema ni bahati mbaya, kisha akatuuzia "mkeka wa kurejesha", nami nikanunua. Baadaye niligundua kwamba shemeji yangu, aliyekuwa katika kundi lake jingine, alikuwa akipewa matokeo ya kinyume kwa mechi zilezile. Kundi lililopata hupigiwa tarumbeta, lililokosa huhubiriwa subira, na mhubiri hahitaji kujua hata kuotea ni nini.

Hata hivyo, kosa langu halikuwa Argentina. Chukua mechi yenye odi (mara ambazo dau lako huzidishwa ukipatia) za 2.00, 3.30 na 3.60 kwa matokeo yake matatu, yaani timu moja kushinda, sare, au nyingine kushinda, ugawanye 100 kwa kila moja: utapata takriban 50, 30.3 na 27.8, jumla 108. Hiyo nane ya ziada ni ya kampuni, na maana yake ni kwamba kwa bei hizo kila shilingi 100 hurudisha wastani wa 92 na ushee. Unapounganisha mechi kumi za namna hiyo, kile kilichobaki hukatwa tena, kisha tena, hadi mara kumi, na katika ile 100 hubaki takriban 46, kabla hata ya kodi ya ushindi. Ndiyo maana mkeka mrefu hupambwa kwa bonasi: muuzaji hapambi bidhaa inayomtia hasara.

Faida hupatikana pale tu ambapo wewe, kwa sababu unazoweza kuziandika, unaipa timu ya odi 2.00 nafasi ya asilimia 55 wakati bei inasema 50. Ukiwa huna asilimia yako mwenyewe, huna dau la kuweka; ukiwa nayo, weka mechi hiyo moja, peke yake.

Kabla ya Jumamosi andika hapa odi tatu za mechi moja, na asilimia zako kando yake, tuzipigie hesabu pamoja. Elfu hamsini ibaki kwenye simu yako.