Shahada ya Maseno Yenye Jina la Moi

SWALI: Nilisomea Maseno nikahitimu mwaka 1997, lakini cheti changu cha shahada kimeandikwa Chuo Kikuu cha Moi. Jamaa mmoja hapa Kisumu anasema kitakataliwa nikiomba kupandishwa cheo, na kwamba nikimlipa atanitolea kingine chenye jina la Maseno. Nifanyeje? (Mwalimu, Ahero)

JIBU: Usimpe hata shilingi, Mwalimu. Maseno ilikuwa chuo kikuu kishiriki cha Moi tangu mwaka 1990 na haikuwa chuo kikuu kamili hadi mwaka 2001, kwa hiyo ulipohitimu haikuwa na mamlaka ya kumtunuku mtu yeyote shahada.

Baada ya miaka mingi katika ofisi ya msajili, bado nachoshwa na imani kwamba shahada hutolewa na majengo uliyosomea. Hutolewa na chuo chenye idhini ya kisheria ya kuitunuku siku ile ya mahafali. Ndiyo maana waliosomea shahada Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 1960 walisomea ile ya Chuo Kikuu cha London, na waliowafuata wakapata ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichoziunganisha Makerere, Nairobi na Dar es Salaam kuanzia 1963 hadi 1970, kila kimoja kiliposimama peke yake. Chuo kile hakipo tena. Shahada zake zipo, na ni halali.

Ulaghai huu una pacha wake, ambaye huku Nakuru ndiye anayenisumbua zaidi. Egerton ilianzishwa Njoro mwaka 1939 ikiwa shule ya kilimo, ikatoa stashahada kwa miongo kadhaa, kisha ikafanywa chuo kikuu kwa sheria ya mwaka 1987. Basi mabroka huwaambia wazee wenye stashahada za miaka ya 1970 kwamba chuo kilipopanda, vyeti navyo vilipanda, na kilichobaki ni kulipia karatasi. Stashahada haichipui ikawa shahada kwa sababu shamba limebadilishwa jina.

Ukitakiwa uthibitisho, iandikie ofisi ya msajili ya Moi, kwa kuwa ndiyo iliyokutunuku. Hicho cha jamaa yako, chenye jina la Maseno na mwaka 1997, karani yeyote makini atakijua kuwa kimeghushiwa kwa kusoma tarehe tu, na atakayeshtakiwa ni wewe uliyekiwasilisha.