Maswali ya Wasomaji: Kimiminika cha nyuzi trilioni 4

SWALI: Nafundisha fizikia sekondari. Wanafunzi wamesoma kuwa viini vya atomi za dhahabu vikigonganishwa huzaa kimiminika chenye mnato (ukinzani wa kutiririka) mdogo kuliko maji. Kwa joto lile la nyuzi trilioni 4, kwa nini kisiwe gesi? Na nani alikishika akakipima?

JIBU: Tuanze na mnato, maana hapo ndipo magazeti huteleza. Mnato wa kitu hicho ukiupima peke yake unaipita lami kwa mbali. Kinachokuwa kidogo ni uwiano wa mnato kwa wingi wa entropia (kipimo cha vurugu ya chembe) katika ujazo uleule. Kwa vizio asilia, vile wanafizikia wanavyotumia kwa chembe ndogo, maji ya bombani yana uwiano wa zaidi ya 30. Mwaka 2005 wanafizikia Kovtun, Son na Starinets walipendekeza kikomo cha chini cha uwiano huo, 1/4π, yaani kama 0.08. Kimiminika chetu, yaani plazima ya kwaki na gluoni (chembe zinazounda protoni na nyutroni), kinakaribia hapo, kwa hiyo waambieni wanafunzi "hutiririka kwa urahisi", si "jepesi kama maji".

Hakuna aliyekishika. Kinadumu kwa muda ambao mwanga unavuka kiini kimoja, basi. Maabara ya Brookhaven, New York, ambayo mashine yake ya RHIC ilianza kugonganisha dhahabu mwaka 2000, ilitazama chembe zilizotawanyika baadaye. Viini viwili visipokutana kitovu kwa kitovu, sehemu inayopishana huwa na umbo la lozi. Ingekuwa gesi ambayo chembe zake hazigusani, zingetoka sawa pande zote. Katika kimiminika, shinikizo hushuka kwa kasi zaidi kwenye upande mwembamba wa lozi, kwa hiyo chembe nyingi husukumwa huko. Kipimo chake huitwa v2: wastani wa kosaini ya mara mbili ya pembe kati ya chembe na ule upande mwembamba. v2 ikiwa 0.06, basi kwa kila chembe 112 upande mwembamba utahesabu 88 upande mrefu. Tofauti kubwa hivyo ndiyo iliyowafanya watafiti wa Brookhaven watangaze "kimiminika kamili" mwaka 2005.

Makosa ya hesabu ni mengi. Upande wa lozi hauonekani. Unakadiriwa kutokana na chembe zilezile, na usipoiondoa chembe unayoipima katika makadirio hayo, itajilinganisha na nafsi yake na v2 itapanda bure. Kipande cha kigunduzi kilichokufa nacho huzua mwelekeo wa uongo. Halafu kuna chembe ndugu: chembe mama ikivunjika, watoto wake huruka karibu karibu bila mtiririko wowote. Dawa ni kulinganisha chembe zilizoachana mbali kando ya mhimili wa miale, au kulinganisha chembe nne nne kwa pamoja badala ya mbili mbili.

SWALI: Je, protoni peke yake yaweza kutoa tone la kimiminika hicho?

JIBU: Protoni ikigonga kiini cha dhahabu, dalili zipo. Kundi la PHENIX, hapohapo Brookhaven, lilirusha protoni, deuteroni (protoni na nyutroni moja moja) na heli-3 (kiini chenye chembe tatu) kwenye dhahabu ili matone yaanze yakiwa duara, yai na pembetatu, na mwaka 2018 likatoa matokeo: mtiririko ulifuata maumbo hayo. Protoni kwa protoni bado wanabishana, ingawa kigunduzi cha CMS huko CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, kiliona mpangilio unaofanana na huo tangu 2010.