Shimo la mtaani ni la nani?

Ndugu, umeuliza kwa nini barabara ya kwenda Kasulu inazibwa viraka huku mtaa wenu wa Gungu ukibaki mashimo matupu, na Manispaa ya Kigoma-Ujiji imekaa kimya. Wenye barabara ni tofauti. Barabara kuu na za mkoa ziko chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Za mitaa, pamoja na makalvati yake, ni za TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, tangu 2017. Zamani ndiyo zilikuwa za halmashauri. Manispaa imebaki na mambo mengine, kama taka na masoko.

Fedha inatoka kwenye tozo ya mafuta, na mwaka 2021 iliongezwa shilingi 100 kwa lita kwa ajili ya barabara hizi za TARURA.

Ila kwa Kigoma adui ni maji. Mtaro ukijaa mchanga na chupa za plastiki, maji yanayoteremka mlimani yanapanda barabarani na kuula ukingo. Greda lipite mara ngapi, mtaro usipozibuliwa ni bure tu (na hapo wakazi nasi tunahusika, tusijifiche).

Andikeni barua kwa TARURA kupitia mwenyekiti wa mtaa, nakala kwa diwani, picha ndani. Wahini kabla bajeti haijapangwa, maana mwaka wa fedha unaanza Julai.