Dar hadi Makambako: msikimbize gari

Mkuu, umeuliza kama Dar hadi Makambako kuna la kufurahia njiani au mkanyage mafuta tu mkalale. Msikimbize! Sisi tulikwenda watano, mama mkubwa akiwemo, na hadi leo tukikutana ni vicheko.

Mkitoka Morogoro, barabara inakata Hifadhi ya Mikumi kwa kama kilomita 50. Hapo mwendo mdogo, ukigonga mnyama utalipa. Twiga alisimama katikati ya lami, mama mkubwa akashusha kioo akambembeleza: "Baba, tupishe, tuna safari." Akatupisha kweli!

Ila utamu wenyewe ni Ruaha Mbuyuni, kwenye vitunguu. Kijana anakimbia sambamba na dirisha, neti ya vitunguu begani, chenji mdomoni. Mama mkubwa alivutana naye bei mpaka akaitwa shangazi, tukaondoka na neti nne mapajani. Kwenye mlima wa Kitonga tukakuta lori limetangulia, kona baada ya kona, vioo tumefunga kwa ajili ya nyani, na neti moja imepondeka miguuni. Tulifika Ilula machozi yanatiririka wote watano. Muuza nyanya akaacha biashara yake, akatupa pole ya msiba!

Kitonga mpande mchana. Mbele kidogo ya Iringa mjini mchepuke Isimila, zana za mawe za watu wa kale mtaziona palepale chini. Na masweta yawe karibu, Mafinga kuna baridi kwelikweli.