Bibi hasikii kiu: maswali yenu kuhusu wazee na majira

Maswali ya safari hii yametoka kwa wanaotunza wazee nyumbani na kwenye makazi ya wazee, wengine kwenye joto la pwani, wengine kwenye baridi ya nyanda za juu. Tumeyafupisha. Karibu yote yanarudi kwenye jambo moja: uzeeni kiu, homa na hata kutetemeka kwa baridi havijitokezi kama zamani, kwa hiyo mtunzaji anayesubiri mzee alalamike huwa amechelewa.

Mama yangu ana miaka 78. Joto hili la Januari hadi Machi yeye ni chai ya asubuhi na maji ya kumezea dawa, basi. Ukimwambia anywe anasema hana kiu. Nimlazimishe? (Temeke)

Anasema kweli, hana kiu. Hisia ya kiu hufifia uzeeni, na figo nazo hazibani maji kama zilivyokuwa. Badala ya kumlazimisha, mpangie. Mwanamke wa umri wake anahitaji kama lita 1.6 za vinywaji kwa siku, mwanaume lita 2, na siku za joto kali zaidi ya hapo. Chai, uji mwepesi, supu na juisi vyote vinahesabika. Mwekee jagi la lita moja asubuhi, liwe limeisha ifikapo saa tisa alasiri, kisha umalizie na uji au supu kabla ya magharibi.

Halafu muulize, kwa upole, kama anaogopa kuamka usiku kwenda chooni. Wazee wengi wanajinyima maji kwa sababu hiyo, hasa choo kikiwa nje, na hawatakwambia usipouliza. Mchana anywe kwa wingi, jioni apunguze, na usiku awe na ndoo au chungu cha haja karibu na kitanda.

Kufinya ngozi ili kuona kama amepungukiwa maji, kama wafanyavyo kwa watoto, hakusaidii. Ngozi ya mzee imelegea hata akiwa mzima. Tazama ulimi mkavu, mkojo mchache wenye rangi ya chai ya rangi, choo kigumu, kizunguzungu akisimama, au maneno yasiyoeleweka.

Tahadhari mbili. Kama ana ugonjwa wa moyo au figo na daktari amempimia kiwango cha maji, fuata hicho. Na madafu, ambayo kila mtu huyaona kama dawa, yana potasiamu nyingi. Hayamfai mgonjwa wa figo. ORS (pakiti ya unga wa chumvi na sukari) nayo ni ya kuharisha na kutapika, si ya kunywa kila siku kwa sababu ya joto, maana ina chumvi. Ikihitajika, pakiti nzima iingie kwenye lita moja kamili ya maji salama, na inayobaki baada ya saa 24 imwagwe. Kugawa pakiti kwa kukadiria kwenye glasi ndiko kunakoharibu kipimo.

Wazee chumbani kwetu wanakataa feni, wanasema inaleta nimonia. (Mhudumu, makazi ya wazee)

Nimonia huletwa na vijidudu, feni haina kosa. Iwasheni, isiwapulize usoni moja kwa moja, na muwapangusie shingo, mikono na miguu kwa kitambaa kibichi. Upepo juu ya ngozi yenye unyevu ndio unaopoza. Feni husaidia pale joto la hewa linapokuwa chini ya nyuzi 40, na pwani yetu kwa kawaida haifiki huko. Mzee akiwa na joto la mwili la 40 au zaidi na amechanganyikiwa au analegea, hiyo ni dharura: mvueni nguo za juu, mmwagieni maji, mpepeeni, na safari ya hospitali ianze hapo hapo. Parasetamoli haitashusha joto la namna hiyo.

Baba anatumia dawa za presha. Joto likizidi anapepesuka akiinuka. Jirani kamshauri aruke dawa siku za joto. (Tanga)

Asiruke. Lakini jirani ameona jambo la kweli: kwenye joto mishipa hutanuka na presha hushuka, na kama moja ya dawa zake ni ya kukojosha, maji yanapungua mara mbili.

Mpime hivi. Alale dakika 5, pima. Asimame, pima baada ya dakika 1, kisha baada ya dakika 3, wewe ukiwa umesimama karibu asije akaanguka. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ya chini kwa 10, andika na umpeleke kliniki wiki hiyo hiyo. Daktari ndiye atakayepunguza au kubadili dawa. Mkanda wa mashine ukae kwenye mkono mtupu, si juu ya shati, na uwe wa saizi yake. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hutoa namba kubwa ya uongo, na mzee huongezewa dawa asiyoihitaji. Kwa sasa afundishwe kukaa ukingoni mwa kitanda dakika mbili, achezeshe vifundo vya miguu, ndipo asimame.

Babu wa miaka 72 ana kisukari, anameza glibenklamidi, na Ramadhani anataka kufunga. (Unguja)

Miaka hii Ramadhani inaangukia kwenye joto la kaskazi, kwa hiyo ana hatari mbili, sukari kushuka na maji kupungua. Glibenklamidi ni miongoni mwa dawa zinazoshusha sukari zaidi kwa mfungaji, na hukaa mwilini muda mrefu. Aende kliniki wiki 6 hadi 8 kabla ya mwezi kuandama, aulize kama inafaa kubadilishiwa dawa au kipimo. Kama figo zake ni dhaifu, au sukari imewahi kumwangusha, kufunga hakumfai, na dini imempa ruhusa.

Akikubaliwa, apime sukari asubuhi, adhuhuri, alasiri na kabla ya futari, na wakati wowote akijisikia vibaya. Kuchoma kidole kwa wanazuoni wengi hakuharibu saumu. Sukari ikiwa chini ya 3.9 au juu ya 16.6 (mmol/L), afungue hapo hapo, hata kama adhana imebakiza dakika kumi. Kwa sukari iliyoshuka mpe vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye nusu kikombe cha maji, pima tena baada ya dakika 15, rudia ikihitajika, kisha ale. Kwa sababu dawa yake hudumu, sukari inaweza kushuka tena usiku. Asilale peke yake. Akiwa hajitambui usimmiminie kitu mdomoni, kimbilia hospitali.

Masika bibi anateleza sana uani. Fimbo anayo. (Morogoro)

Igeuze fimbo utazame chini. Ile kofia ya mpira ikishalika na kuwa laini, kwenye sakafu yenye maji fimbo huteleza kabla ya mguu. Nunua nyingine. Urefu: akiwa amevaa viatu na ameachia mkono, kishikio kifike kwenye kifundo cha mkono. Kandambili ziondoke kabisa, avae kiatu chenye kamba ya nyuma na soli yenye meno. Njia ya kwenda chooni iwe na changarawe na taa.

Huku kwetu Juni na Julai ni baridi kweli. Tunawasha jiko la mkaa nje mpaka moshi uishe, likiwa jekundu ndipo tunaliingiza chumbani kwa mzee. Si salama hivyo? (Njombe)

Hapana, na hili tunaliomba mlibebe kwa uzito. Moshi ukiisha, kinachobaki ni kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na mkaa mwekundu huendelea kuitoa mpaka uwe majivu. Gesi hiyo hushikamana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu huanza na kichwa kuuma, kichefuchefu na kulegea, akidhani ni uchovu, kisha analala asiamke. Kuacha dirisha wazi kidogo si kinga ya kutegemea, maana baridi ikizidi mtu hulifunga mwenyewe. Mkikuta waliolala na jiko wote wanaumwa kichwa asubuhi, watoeni nje na muwapeleke hospitali wakawekewe oksijeni, hata wakisema wamepata nafuu.

Badala ya jiko, tumieni mfuko wa mpira wa kutia maji ya moto. Maji yaliyochemka yaacheni yapoe kidogo, jazeni theluthi mbili, kamueni hewa, fungeni, uviringisheni kwa taulo. Uwekwe kitandani nusu saa kabla, na utolewe mzee anapopanda. Mwenye kisukari ambaye miguu imekufa ganzi huungua bila kuhisi, na kidonda hicho huchukua miezi. Blanketi moja litandikwe juu ya godoro, chini ya mzee, maana baridi nyingi hupandia huko. Kofia, soksi, nguo nyepesi mbili tatu badala ya sweta moja nzito, na uji wa moto kabla ya kulala.

Na jinsi ya kujua baridi imemzidi: gusa tumbo lake chini ya nguo. Mikono baridi ni kawaida, tumbo baridi si kawaida. Joto la mwili chini ya 35 ni hatari, ila kipimajoto cha kioo huanzia 35, kwa hiyo hakiwezi kukuonyesha limeshuka kiasi gani. Cha digitali huandika “Lo” likiwa chini sana. Mzee aliyekuwa anatetemeka akaacha, akawa anaongea kwa kuburuta ulimi na kusinzia, hajapona, amezidiwa. Mfunikeni kifua na tumbo kwa mablanketi, msimsugue mikono na miguu, msimpe pombe, mpelekeni hospitali.

Baridi ikija magoti ya mama yanauma, anakunywa diklofenaki ya dukani kila siku. Ana presha. (Limuru)

Aache ya kila siku. Diklofenaki hupandisha presha, huchubua tumbo, na ikikutana na dawa za presha kama enalaprili au losartani pamoja na ya kukojosha, figo zinaweza kufeli. Aanze na parasetamoli, gramu 1 (vidonge viwili vya miligramu 500) kila baada ya saa nane, isizidi gramu 3 kwa siku. Akiwa na uzito chini ya kilo 50 au ugonjwa wa ini, aulize kliniki kipimo chake. Goti lipashwe kwa kitambaa cha vuguvugu, na anyanyuke kitini bila kujishika mara 5 hadi 10, asubuhi na jioni, kama anaweza. Kukaa tu kwenye kiti siku nzima kwa kukwepa baridi ndiko kunakoligandisha goti.

Vidonge vya mafua vya mchanganyiko kwa babu mwenye tezi dume? (Nakuru)

Vingi havimfai. Vina dawa ya kuzibua pua inayopandisha presha, na ya kukausha makamasi inayoweza kuziba mkojo kabisa na kumchanganya akili. Maji ya chumvi puani na parasetamoli vinatosha.

Mzee wetu jana alikuwa mzima, leo hatujui, anaita watu waliokufa. Hana homa. Ndio uzee wenyewe? (Mhudumu, makazi ya wazee)

Uzee hauji kwa usiku mmoja. Kuchanganyikiwa kwa ghafla ni ugonjwa mpaka ithibitike vinginevyo: nimonia, UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), malaria baada ya mvua, sukari kushuka, mkojo au choo kilichoziba, au kidonge kipya. Homa isikudanganye kwa kukosekana. Wazee wengi joto lao la kawaida liko chini, kwa hiyo 37.8, au kupanda kwa nyuzi 1.1 juu ya lile la siku zake za uzima, tayari ni homa. Ndiyo maana kila mkazi apimwe asubuhi tatu akiwa mzima, namba iandikwe kwenye faili lake.

Hesabu pumzi kwa dakika nzima huku akidhani unamshika mkono tu. Ukihesabu tu sekunde 15 na kuzidisha kwa nne, unakosea kirahisi. Zikizidi 24 aonwe leo, zikifika 30 ni dharura. Pima sukari, na malaria kwa kipimo cha haraka. Usimpe kidonge cha usingizi ili atulie. Mvalishe miwani yake, mpeleke hospitali akiwa na mtu anayemfahamu, na dawa zake zote zitiwe kwenye mfuko mmoja, pamoja na mitishamba, ili kwenye dirisha la wazee mhudumu azione kwa macho yake.