Dada, nitafute msaidizi wa mtandaoni au nipambane mwenyewe?

SWALI: Shikamoo dada. Nauza madera na vitenge mtandaoni, mzigo nachukua Kariakoo natuma mikoani kwa basi. Biashara inaenda namshukuru Mungu ila simu inanimaliza, meseji kuanzia alfajiri mpaka usiku wa manane, bei gani, saizi kubwa ipo, Mbeya mnatuma, na nikiwa sokoni sijajibu mtu kashahamia kwa mwingine. Shoga yangu kaniambia nitafute msaidizi wa mtandaoni, anajibu wateja akiwa kwake. Naogopa atanichukulia wateja au hela. Nifanyeje?
Mama wawili, Tabata

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Mtafute, tena usichelewe, ila usimkabidhi biashara nzima, mkabidhi meseji tu. Wengi wanachukua mtu wanamwambia "nisaidie page yangu" basi, alafu baada ya wiki wanalalamika hajui kazi, sa angejuaje na hujamwambia kitu?

Kabla hujatafuta mtu, kaa jioni moja na simu yako upitie chati za wiki nzima, andika maswali yanayojirudia na vile unavyojibu wewe, kwa maneno yako yale yale. Dera hili linachuja rangi au halichuji, mtu mnene linamtosha, nauli ya mzigo nani analipa, mteja akikosea saizi inakuwaje. WhatsApp Business ina sehemu ya majibu ya haraka, unaweka jibu mara moja, baadae msaidizi akiandika /mbeya linakuja lote na bei ya kutuma. Hapo hata mgeni anajibu kama wewe.

Simu yako usimpe, WhatsApp inakubali kuunganisha vifaa vingine vinne kwenye namba moja, kwaiyo yeye anafungua kwenye kompyuta yake na wewe unaona kila anachoandika. Ila jua na yeye anaona chati zako zote, kwaiyo kama namba ya biashara ndo hiyo hiyo unayoongelea na mumeo na wakwe, tenga laini nyingine kwanza.

Hela ndo pa kukazia sana jamani. Lipa namba iwe yako na meseji ya malipo iingie kwenye simu yako. Mteja akituma skrinishoti ya muamala, msaidizi asiseme "imeingia", aseme "nimeiona, tunahakiki", maana watu wanatengeneza meseji za muamala za uongo zinafanana kabisa na za kweli na mzigo unaondoka hivi hivi. Fungueni shiti moja ya Google, yeye anajaza jina, dera, saizi, mkoa na kiasi, safu ya mwisho ya "hela imeingia" unajaza wewe peke yako, na kama iko wazi hakuna kupeleka kitu stendi. Namba ya siri usimpe hata akiwa mtoto wa shangazi yako.

Kuhusu kuchukua wateja, andikianeni karatasi, uwe na nakala ya kitambulisho chake cha NIDA na mdhamini mmoja unayeweza kumfikia. Tena namba na anwani za wateja si mali ya kugawa ovyo, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika 1 Mei 2023, mwambie hilo siku ya kwanza.

Wa kumchukua? Mi ningeanzia kwa mteja wako wa siku nyingi anayeandika vizuri na anazijua nguo zako. Mpe wiki mbili za majaribio na umlipe hizo wiki, bando liwe juu yako, na mpangiane masaa, mfano saa tatu asubuhi mpaka saa kumi jioni, baada ya hapo meseji ya moja kwa moja iwaambie wateja mtajibu kesho. Tafadhali sana usimkeshe binti wa watu kwa sababu we mwenyewe ulizoea kukesha.

SWALI: Msaidizi wangu kaacha kazi ghafla na bado ana WhatsApp na Instagram ya duka. Naanzia wapi?
Msomaji, Arusha

JIBU: Anzia WhatsApp, ingia kwenye vifaa vilivyounganishwa utoe usichokijua, weka na ile namba ya siri ya tarakimu 6 ya WhatsApp yenyewe (two-step verification), alafu badili pasiwedi ya Instagram na ya baruapepe iliyofungulia. Baada ya hapo piga *106# uangalie laini zilizosajiliwa kwa NIDA yako. Kama ya duka haipo, ikawa ilisajiliwa kwa jina lake, hapo hata ukibadilisha vyote bado anaweza kuirudisha, kwaiyo ongea nae vizuri mwende wote ofisi za mtandao wa simu mkabadilishe umiliki. Na kama kuna siku zake hujalipa, zilipe kabla hujampigia.